Uzamivu wa Ng'ombe: Nafasi Zipo, Daftari Liko Wapi?

Jioni moja mwezi uliopita nilikuwa nimekaa vimbwetani na wadogo zangu wa mwaka wa tatu, sote watu wa sayansi ya wanyama, tukijifanya tunasoma. Ukweli ni kwamba bumu lilikuwa halijaingia na kila mtu alikuwa anakodolea simu. Mmoja akakutana na tangazo: chuo kimoja cha Ulaya kinatafuta mwanafunzi wa uzamivu katika jenetiki na uzalishaji wa ng'ombe wa nyama. Miaka minne, ada hulipi, mshahara kila mwezi. Akalisoma kwa sauti kama anasoma kichekesho. "Miaka minne unasomea ng'ombe! Si bora ukachunge, angalau mwisho wa mwaka unapewa mtamba." Watu wakaangua kicheko.

Mimi nilicheka pia, tena kwa nguvu. Kisha nikalaza simu yangu kifudifudi, maana tangazo lile lile lilikuwa wazi kwangu tangu asubuhi, na barua ya maombi nilikuwa nimeifikisha nusu.

Makala haya nimeyaandika kwa sababu ya kile kicheko. Najua kinatoka wapi. Wengi wetu kwenye kozi hii hatukuichagua, tulichaguliwa. Mtu aliomba udaktari wa binadamu, akaomba famasi, mfumo ukamtupa kwenye mifugo. Halafu wako kama mimi, watoto wa wafugaji, ambao ng'ombe wa nyumbani waliuzwa mmoja mmoja kulipa ada ili tusirudi tena zizini. Ukimwambia mama yako kwamba baada ya miaka yote hiyo unakwenda Ulaya kusomea ng'ombe, anakutazama kama mtu aliyelipa nauli ya kwenda Mwanza akashushwa pale pale stendi alipopandia. Na hata ndani ya idara, waliobaki na moyo wanakimbilia kuku au vyakula vya mifugo, kwa sababu huko kuna kampuni zinazoajiri na gari lenye nembo mlangoni. Jenetiki inaonekana ni hesabu tupu. Ni lile somo la kupeleka watu kwenye sapu.

Msimamo wangu ni kwamba tunazipoteza nafasi hizi kijinga. Lakini pia sitaki tuzikimbilie kama tulivyozoea kukimbilia chochote chenye neno "Ulaya". Kuna namna ya kwenda ukarudi na kitu, na kuna namna ya kwenda ukarudi na cheti.

Nianze na swali ambalo nilikuwa sijawahi kuulizwa kwenye semina yoyote, aliloniuliza mjomba wangu. Mjomba ni mfanyabiashara wa ng'ombe. Ananunua minadani Dodoma na Singida, anapakia kwenye lori, anashusha Pugu. Hajasoma zaidi ya darasa la saba, lakini akimtazama dume akiwa amesimama atakuambia uzito wake, na mzani ukija unamkuta amekosea kilo mbili tatu. Nilipokwenda kumsalimia alikuwa ameshapata habari.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Mama yako ananiambia unataka kusoma tena. Ng'ombe tena?"

"Ndiyo, mjomba. Jenetiki yao."

"Sawa. Hiyo jenetiki itaongeza kilo ngapi?"

Nikatoa kalamu. Nikamwambia, chukua mfano: kwenye kundi lako ndama wa mwaka mmoja wana wastani fulani wa uzito, na wewe ukachagua madume waliouzidi wastani huo kwa kilo 30, walelewa zizi moja, msimu mmoja, malisho yale yale. Sehemu kubwa ya kilo hizo 30 ni bahati tu: mama alikuwa na maziwa mengi, ndama alizaliwa mvua zinaanza, hakuumwa. Uzito wa umri huo hurithika kwa kiasi. Tuseme sehemu tatu katika kumi. Kwa hiyo katika zile 30, kilo 9 tu ndizo za damu. Na kwa kuwa ndama anachukua nusu kwa baba na nusu kwa mama, na mama hukumchagua, mtoto anapata kilo nne na nusu. Kizazi kimoja cha ng'ombe ni kama miaka mitano. Miaka kumi, kilo tisa.

Mjomba akacheka hadi akavua kofia. "Kilo tisa kwa miaka kumi! Mimi nikimnywesha maji vizuri kabla ya mzani nazipata asubuhi moja."

"Yale maji, mjomba, anayakojoa. Hizi mtoto wake anazaliwa nazo, na mjukuu pia, na wewe huongezi hata pumba."

Akanyamaza kidogo. Najua alikuwa anazidisha. Kilo tisa kwa ng'ombe mmoja ni mboga ya wiki. Kilo tisa kwa ng'ombe laki moja ni tani 900 za uzito hai, na nchi yetu ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, wengi mno wakiwa wa asili ambao hajawahi mtu kuwachagua kwa mzani. Halafu akauliza swali la pili, na hili ndilo limenikalia kichwani hadi leo: "Sasa huyo dume aliyezidi kilo thelathini, utamjuaje?"

Hapo ndipo penye kazi yote, jamani. Kumjua kunahitaji ujue alizaliwa tarehe ngapi, alipimwa lini, alilelewa na nani, na baba yake ni yupi. Na kumjua vizuri zaidi kunahitaji ujue hayo hayo kwa ndugu zake, maana dume anaweza kupendeza yeye mwenyewe na watoto wake wakawa wa kawaida. Nchi zilizotutangulia hazikutushinda akili. Zilitushinda daftari. Mmarekani Jay Lush alikuwa anafundisha pale Iowa kwamba uteuzi wa mifugo ni suala la takwimu, si la kutazama pembe na rangi. Charles Henderson akaja na ile mbinu inayoitwa BLUP, ya kutenganisha ubora wa damu na ubora wa malisho kwa kutumia rekodi za ukoo mzima. Waaustralia wana mfumo wao wa BREEDPLAN tangu miaka ya 1980, mfugaji anatuma uzito wa ndama wake na anarudishiwa makadirio ya thamani ya kila dume kwa uzazi. Mwaka 2001 Meuwissen, Hayes na Goddard wakaonyesha kwamba unaweza kukadiria thamani hiyo kwa kutumia alama za vinasaba zilizotapakaa kwenye jenomu nzima, hata kabla ndama hajaota pembe. Mwaka 2009 jenomu ya ng'ombe ikachapishwa. Ng'ombe aliyesomwa alikuwa jike wa Hereford wa Montana aitwaye Dominette. Tazama mfuatano huo. Hesabu za vinasaba zilikuja juu ya miongo mingi ya mizani na madaftari, hazikuja badala yake.

Sasa nije kwetu. Kwa utafiti wangu wa uzamili nilikwenda kwenye shamba moja la ng'ombe ambalo sitalitaja. Niliahidiwa rekodi za zaidi ya miaka kumi. Nikafika na kompyuta yangu na hamu kubwa. Nikapewa madaftari makubwa ya jalada gumu, mengine yameliwa na mchwa kuanzia pembeni kuja katikati, kwa hiyo namba ya ndama ipo na uzito haupo. Uzito uliobaki ulikuwa unaishia na sifuri au tano, karibu wote. Mtu alikuwa anakadiria kwa macho, na hakuwa na macho ya mjomba wangu. Miezi mingine ndama wote walizaliwa tarehe moja, ambayo ni tarehe ya mwisho wa mwezi, siku ya kuandika ripoti. Na kwenye safu ya "baba" kuna ukurasa mzima umeandikwa "dume jekundu". Madume mekundu pale shambani walikuwa wanne.

Nilipomaliza kuchambua, ndama waliobaki na baba anayejulikana, tarehe ya kuaminika na uzito halisi walikuwa chini ya robo ya wote. Nilitetea tasnifu yangu kwa hao. Nilipita, lakini nilijua kilichokuwa kinakosekana.

Cha ajabu, maarifa hayakukosekana pale. Kulikuwa na mzee wa zizi, amekaa na kundi lile kwa muda mrefu kuliko meneja yeyote. Nilikuwa nikimsomea namba ya hereni ananijibu, "Huyo mama yake alikuwa yule mwenye baka begani, aliyekufa kwa ndigana mwaka wa mvua kubwa, na dada yake ndiye yule pale anayetupa ndama kila mwaka." Alikuwa na ukoo wa vizazi vitatu kichwani. Msimamizi wangu akaniambia hiyo si data. Kwa heshima zote, sikubaliani. Leo unaweza kung'oa nywele chache za mkia, ukaziweka kwenye bahasha, na maabara ikakuambia kama yule mzee alikuwa sahihi. Hiyo peke yake ni sura moja ya tasnifu ya uzamivu: kumbukumbu ya mchungaji dhidi ya vinasaba. Ila tuelewane, vinasaba vitakuambia baba ni nani. Havitakuambia ndama alikuwa na kilo ngapi mwezi Julai. Mzani hauna mbadala.

Ndiyo maana nasema suala la "nafasi za uzamivu" tunaliangalia upande usiofaa. Tunatafuta tangazo. Matangazo yapo, na kwa faida ya waliocheka nitayaeleza. Uswidi, mwanafunzi wa uzamivu ni mwajiriwa. Nafasi inatangazwa kama kazi, na chuo chao cha sayansi za kilimo kule Uppsala kina historia ndefu ya kufanya kazi na Afrika Mashariki. Marekani, vyuo kama Nebraska na Texas A&M vinakuchukua kama msaidizi wa utafiti: unasamehewa ada, unapewa posho, na wewe unafanya kazi za maabara au za kufundisha huku unasoma masomo ya darasani miaka ya mwanzo. Armidale, Australia, ndiko walikotengeneza BREEDPLAN na wana kitengo kizima cha jenetiki ya mifugo. Wageningen, Uholanzi, wamezoea ule mtindo wa sandwichi: unaanza kwao, unarudi nyumbani kukusanya data, unakwenda kumalizia kwao. Uingereza kuna ufadhili wa Jumuiya ya Madola. Ujerumani, DAAD wanafadhili hata wanaosoma hapa hapa Afrika. Na si lazima upande ndege kubwa: ILRI iko Nairobi, basi la usiku tu, na inashirikiana na Taasisi ya Roslin ya Edinburgh, wale wale waliomzalisha kondoo Dolly mwaka 1996, katika kituo cha pamoja cha jenetiki na afya ya mifugo ya tropiki. Sokoine, Morogoro, wanatoa uzamivu. Egerton kule Njoro pia.

Kwa hiyo milango ipo. Swali ni unaingia na nini mkononi.

Namfahamu kaka mmoja aliyekwenda. Kichwa kweli kweli. Alifanya uzamivu wake kuhusu ulaji wa chakula wa ng'ombe wa Angus wanaonenepeshwa kwenye vizimba, ambako kila ng'ombe ana hereni ya kielektroniki na hori linahesabu kila gramu anayokula. Alijifunza kuchambua rekodi kwa malaki. Akarudi. Akapewa ofisi, kiti na somo la utangulizi la mwaka wa kwanza. Data ya kutumia ujuzi wake haipo, kwa sababu hakuna hori linalohesabu gramu Kongwa. Siku hizi ukimuuliza kuhusu utafiti anabadilisha mada. Simlaumu hata kidogo. Alichukua nafasi iliyokuwepo, akaifanya vizuri, akarudi nyumbani kama sheria ya mkataba ilivyomtaka. Tuliomwangusha ni sisi tuliomkaribisha mikono mitupu.

Kuna wenzangu wananibishia hapa. Wanasema sayansi haina uraia, BLUP ni ile ile kwa Angus na kwa zebu, nenda ukajifunze mbinu kwa ng'ombe yeyote. Nusu ya hoja hiyo naikubali. Hesabu kweli ni ile ile. Lakini nani anachagua sifa ya kupima? Kule sifa ni mafuta yaliyotawanyika ndani ya nyama, ulaji, na siku hizi gesi anayocheua ng'ombe. Huku mfugaji wa Longido aliyeona ukame wa 2009 atakuuliza kuhusu jike gani alibaki amesimama, na nani alishika mimba tena mvua iliporudi. Uwezo wa kushika mimba unarithika kidogo sana, kidogo kuliko uzito, na kwa hiyo unahitaji rekodi nyingi zaidi na akili zaidi. Isitoshe huku ng'ombe wa boma kumi wanachunga pamoja na madume hawana mipaka. Namna ya kukadiria ubora wa dume katika mazingira hayo haijamaliziwa na mtu. Huwezi kuitumia kwa kuikopi kutoka Armidale.

Hata vifaa vyenyewe vina upendeleo. Zile chipu za kusomea alama za vinasaba, za mwanzo hasa, zilitengenezwa kwa alama zilizogunduliwa zaidi kwenye ng'ombe wa Ulaya. Ukimpima zebu wako kwa chipu hiyo, alama nyingi zinatoka sare, na mtu mvivu ataandika kwamba ng'ombe wa asili hana utofauti wa kutosha. Ni sawa na kumtungia Mgogo mtihani wa Kifini halafu ukasema hajui kusoma. Mtu wa kusahihisha jambo hilo ni mtu mwenye sampuli za zebu na sababu ya kujali.

Na wenzetu wanajali kuliko sisi, hilo ndilo linaloniuma. Mchukue Boran. Asili yake ni kwa Waborana wa kusini mwa Ethiopia. Wafugaji wa Kenya walianzisha chama chao cha Boran mwaka 1951, wakaandika ukoo, wakachagua. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Waaustralia walikuja kuchukua viinitete vya Boran kutoka Zambia wakavipandikiza kwao. Miaka ya 1990 kituo cha utafiti cha Clay Center, Nebraska, kilimpandisha Boran kwa majike wao wakapima kila kitu: ukuaji, uzazi, hadi ulaini wa nyama kwa mashine. Afrika Kusini leo Boran ni ng'ombe wa heshima. Sisi tunaye kwenye ranchi za taifa, tunapita naye njiani tukienda Dodoma.

Au mchukue Mpwapwa. Wangapi kati yetu tunajua kwamba kuna mbari ya ng'ombe iliyotengenezwa hapa hapa, kwenye kituo cha Mpwapwa, kwa kuchanganya damu ya Red Sindhi na Sahiwal kutoka bara Hindi, zebu wetu, Boran na kiasi kidogo cha damu ya Ulaya? Ilikuwa kazi ya miaka mingi, ya kupata ng'ombe wa maziwa na nyama anayevumilia ukavu wa Dodoma. Alipatikana. Leo wamebaki wachache mno. Mbari ikishakuwa na madume wachache, ndugu wanazaana wao kwa wao na uzazi unaanza kushuka. Kuiokoa kunahitaji mtu wa kupanga nani apande nani kwa kutumia ukoo na vinasaba, tena mapema. Kama kuna mada ya uzamivu inayomngoja Mtanzania, ni hiyo. Ikisubiri miaka kumi zaidi itakuwa mada ya historia.

Mfano wa tatu unanipa moyo. Mwaka 2022 watafiti wakiwemo wa ILRI na Roslin walichapisha kazi kuhusu ndigana kali, ugonjwa ambao mtoto yeyote wa mfugaji anaujua kwa tezi zilizovimba chini ya sikio. Walifuatilia ukoo mmoja wa Boran, kizazi cha dume mmoja, ambao watoto wake walistahimili kimelea huyo kuliko wengine, wakapata eneo la jenomu linalohusika. Walifanikiwa kwa sababu moja ambayo ni rahisi kuipita: kuna mtu alikuwa ameandika dume yule alimpanda nani na ndama gani walizaliwa.

Tanzania tulishatunga sheria ya utambuzi, usajili na ufuatiliaji wa mifugo mwaka 2010, na hereni za kielektroniki zimekuja juu yake. Wafugaji wengi wakaziona kama njia ya kuhesabiwa ili wakamuliwe kodi, na sishangai, maana hakuna aliyekaa nao akawaambia kwamba hereni hiyo hiyo inaweza kuandika ukoo wa ng'ombe wako na kumpandisha bei dume wako. Kama mtu wa jenetiki angekuwa kwenye chumba lilipopangwa jambo lile, huenda lingeelezwa vingine. (Huenda pia angesinzia. Nimehudhuria vikao.)

Kwa wanaotaka kuomba, nina mambo machache niliyojifunza kwa kuumia. Takwimu na aljebra ya matriki, hapo hakuna njia ya mkato. Anza sasa, jifunze programu ya R ambayo ni ya bure, na usisubiri mtu akuandalie semina yenye vitafunwa. Pili, usifanye nilichofanya mimi mwaka jana: niliandika barua moja tamu, "mimi ni mchapakazi na napenda sana wanyama", nikaituma kwa maprofesa zaidi ya ishirini. Nilijibiwa na wawili. Mmoja alinishukuru kwa upole na kunikumbusha kwamba yeye ni mtu wa samaki. Sasa naandika kwa mmoja mmoja, baada ya kusoma kazi zake, ukurasa mmoja tu, na aya ya pili nasema nina kundi gani la ng'ombe, rekodi zikoje, mapungufu yake ni yapi. Aya hiyo ndiyo inayojibiwa. Profesa wa huko ana wanafunzi wengi wanaojua hesabu kuliko wewe. Hana mwenye zebu waliopimwa.

Na kwa viongozi wetu wa serikali ya wanafunzi, nina ombi ambalo si la bumu wala la chakula cha kantini. Chuo chetu kina shamba la mafunzo, na lina ng'ombe. Kila mwaka tunapelekwa pale mara mbili, tunasimama nje ya uzio, tunaonyeshwa ng'ombe, tunapiga picha na buti mpya. Tudai kwamba mafunzo kwa vitendo ya mwaka wa tatu yawe kupima ndama kila mwezi, mwaka mzima, kila darasa likikabidhi daftari kwa linalofuata, na nakala ikae maktaba ambako mtu yeyote anaisoma. Gharama yake ni utepe wa kupimia kifua kama mzani umekufa, hereni, bahasha za nywele na kalamu. Miaka mitano tu ya data safi, hata ya ng'ombe mia, na mwanafunzi wa hapa hatakwenda kubembeleza nafasi, atakwenda kujadiliana. Nimepeleka wazo hili ofisi husika mara mbili. Mara ya kwanza niliambiwa niandike andiko. Mara ya pili andiko halikuonekana.

Ile barua nimeimaliza. Nimeomba jambo moja ambalo rafiki yangu ananiambia litaniponza: kwamba miaka miwili kati ya minne niifanye huku, na ng'ombe wa huku. Nimeulizwa kwa barua pepe rekodi nitakazotumia zimehifadhiwa wapi. Nimejibu ukweli, kwamba nyingine ziko kwenye daftari, nyingine ziko kwa mzee mmoja, na nyingine tunaanza kuzikusanya.

Maana hatukusubiri ofisi. Msimamizi wa shamba aliturushia funguo, akasema tusivunje kitu. Jumamosi iliyopita tulikuwa watano, tumepima ndama 17 kwa utepe, na yule aliyesoma tangazo kwa kuchekesha ndiye aliyekuwa ameshika mkia na kuita namba. Wawili hawana hereni, mmoja baba yake ameandikwa "jekundu". Jumamosi hii tunaanza saa moja asubuhi, kabla hawajaenda malishoni. Njoo na kalamu yako. Ya kwangu imetafunwa na namba 9.